Uwanja Hauna Deni la Alama

Kwa ratiba yetu ya darasa la nane, Alhamisi saa tano ilikuwa P.E. Sikumbuki tukiifanya hata mara moja. Mwalimu wa hesabu aliingia na chaki yake, akasema, "Michezo haiko kwa KCPE." Hakudanganya. Nilipata alama 391 kati ya 500, mama akachinja kuku, na chuo baadaye nikakiacha mwaka wa pili. Siku hizi hakuna anayeniuliza hizo alama.

Sasa naishi Nyayo Highrise. Dirisha langu linatazama mabati ya Kibera, na katikati yake kuna shule yenye kiwanja kisichotosha hata matatu kugeuka. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wote hujazana hapo. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini swali lake bado liko: hii michezo italeta alama ngapi?

Watetezi wa michezo na afya shuleni hujibu kwamba mtoto mwenye afya hupita mtihani. Hata mimi nilisema hivyo, hadi niliposoma habari za Busia. Kuanzia 1998, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 ambako watoto walipewa dawa za minyoo kwa awamu. Utoro ulipungua kwa robo hivi. Alama za mtihani hazikupanda.

Basi dawa zilipotea bure? Mtoto ameacha kuumwa tumbo, anakuja shule, anacheza na wenzake, halafu tumwambie amefeli kutulipa?

Hapo ndipo hoja yetu ina hatari. Ukidai uwanja kwa sababu ya alama, siku alama zisipopanda umempa mnyakuzi sababu ya kujenga. Januari 2015, si mbali na hapa, wanafunzi wa Lang'ata Road Primary walirushiwa vitoza machozi wakipinga ukuta uliozingira uwanja wao. Sidhani walikuwa wanawaza mtihani. Walitaka mahali pa kucheza.

Najua utaniambia mtoto wa mtaa hana muda wa mpira, mtihani ndio njia yake ya kutoka. Ndiyo maana nilinyamaza Alhamisi zote zile. Lakini mtoto haanzi kuwa mtu baada ya matokeo. Nilikuwa na miaka 13 mara moja tu, na niliimaliza nikiwa nimekaa.