Nasaha kwa Wanaocheza Viwanja vya Shule

Wadogo zangu wa Bunju na Boko, wa Mbagala na Chamazi, na wote mnaoingia viwanja vya shule jioni kutafuta mchezo, nawaandikia kwa mapenzi. Sikusudii kuwakataza kucheza. Mwili wa kijana unadai kukimbia, na mji wetu umewapunguzia mno mahali pa kukimbilia. Katika mitaa mingi, sehemu zilizoachwa wazi kwenye ramani leo zina nyumba, fremu za maduka na gereji. Kilichobaki mara nyingi ni uwanja wa shule ya msingi: mchanga, miembe miwili mitatu, magoli ya miti na njia ya mkato inayopita katikati.

Neno langu kubwa ni moja. Uwanja huo mmeazima, na wenyewe ni watoto wanaosoma pale. Aliyeazima kitu hukitumia kwa staha, hukirudisha kwa wakati, na hukirudisha kikiwa kizima. Anayelishika hilo hahitaji kusimamiwa na mtu.

Michezo inayochezwa hapo mnaijua. Kuna chandimu, magoli mawe mawili mawili. Kuna ndondo, mpira wa mtaa kwa mtaa, uliokua hadi ukapata mashindano yake, Ndondo Cup, yanayojaza watu kwenye viwanja kama Kinesi na Bandari. Kuna rede ya wasichana, wawili wakirusha mpira na wa katikati akikwepa. Asije mtu akawaambia kwamba haya ni mambo ya wasio na kazi. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, na Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Upo pia mchezo mwingine, mgeni kwa wengi wetu, ambao ungekaa vizuri kwenye viwanja hivi: gofu ya kisahani. Gofu ya mpira mnaiona kwenye uwanja wa Lugalo, na mnajua inavyodai nyasi zilizotunzwa na vifaa vya gharama. Hii ya kisahani inadai kisahani cha plastiki na kitu cha kulenga. Unarusha kutoka mahali palipowekwa alama, unakifuata kilipotua, unarusha tena kutoka hapohapo, mpaka kiingie kwenye kikapu. Aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Mmarekani Ed Headrick ndiye aliyetengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975, katika bustani ya Oak Grove huko California. Pale malengo yalikuwa nguzo tu. Vikapu vyenye minyororo ya kukamata kisahani vilikuja baadaye. Kwa hiyo asiye na kikapu asijione mnyonge. Tairi kuukuu lililoegemezwa kwenye mti linatosha, na malengo tisa ya umbali mfupi yanaenea kwenye eneo la shule moja.

Nimeutaja mchezo huu kwa sababu unachezwa bila refa, katikati ya miti na wapita njia, na kila anayerusha hulazimika kwanza kumfikiria mwenzake. Adabu zake ni zilezile anazozihitaji mcheza chandimu. Basi sikilizeni.

Nasaha ya kwanza ni ruhusa. Geti kuwa wazi si ruhusa, na ukuta uliobomoka si mlango. Nendeni kwa mwalimu mkuu, wawili au watatu, mmevaa vizuri, saa za kazi. Mseme, "Shikamoo mwalimu," msubiri marahaba yake, ndipo mwombe: sisi ni vijana wa mtaa huu, tunaomba kucheza jioni, tutaanza saa hii na kumaliza saa hii, na msimamizi wetu ni fulani. Akisema atalipeleka kwenye kamati ya shule, shukuruni na msubiri. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye ajue, maana likitokea jambo ndiye atakayeulizwa. Wala msimsahau mlinzi. Vijana wengi hupata kibali ofisini kisha wakampita mlinzi getini bila hata salamu, naye ndiye anayekaa na uwanja huo usiku kucha.

Ya pili ni wakati. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya shule zetu yamefurika, na shule nyingi za pembezoni mwa jiji hufundisha kwa awamu mbili: wengine asubuhi, wengine mchana. Ninyi mnaona jioni imefika, kumbe ndani bado kuna mtoto anaandika hesabu za ubaoni, na kila mnaposhangilia anageuza shingo dirishani. Msianze mpaka darasa la mwisho litoke. Septemba, darasa la saba wanapofanya mtihani wao wa kumaliza, na baadaye darasa la nne wanapofanya wao, uacheni uwanja kabisa. Siku chache bila mchezo hazimpunguzii kijana kitu, lakini mtoto yule mtihani wake ni mmoja. Na adhana ya Magharibi ikisikika, fungeni mabegi. Wenye kuswali waswali, na wazazi wasianze kuwatafuta gizani.

Ya tatu ni anayepita. Kisahani cha gofu kina uzito wa kama gramu 150 hadi 175, na ukingo wake ni mgumu na mwembamba. Kikimpata mtoto usoni, pole haitoshi. Kanuni za mchezo zenyewe zinasema usirushe mpaka uwe na hakika kwamba hutamuumiza mtu wala kumvuruga anayecheza. Sasa angalieni njia ile ya mkato. Binti anapita na ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo, hawezi kugeuka wala kukwepa. Mrushaji muungwana hukiteremsha kisahani chake, akakishika ubavuni ili binti akione kimetulia, akasema, "Pita, dada." Hamhimizi, hampigii mluzi, hahesabu hatua zake. Anarudi kwenye alama yake baada ya binti kuvuka. Wa chandimu nao wausimamishe mpira wakimwona mama na mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, au muuza mihogo na sinia lake. Anayepita hakuja kucheza, kwa hiyo hana wajibu wa kukwepa.

Ya nne ni zamu na utulivu. Katika gofu ya kisahani, aliye mbali zaidi na lengo ndiye anayetangulia kurusha. Wengine hukaa nyuma yake, kimya, wala hawamkatizi machoni. Naye asiwachoshe wenzake kwa madaha, kwani kanuni humpa sekunde 30 kuanzia zamu yake ilipomfikia. Kisahani kikipotea majanini, kundi lote husaidia kutafuta, hata kama kupotea kwake kungewapa faida. Wakija nyuma yenu wanaokwenda mbio kuliko ninyi, simameni pembeni muwapishe. Haya yaingizeni kwenye kila mchezo. Timu inayosubiri zamu isiingie uwanjani kabla ya kuitwa, na iliyofungwa itoke bila kuzungushana. Ile spika ya muziki ibaki nyumbani. Nyumba za walimu na za majirani ziko hatua chache, na humo mna wagonjwa na watoto wachanga.

Ya tano ndiyo ninayoililia zaidi: ukweli pasipo na refa. Mkimaliza lengo moja, kila mmoja hutaja kwa sauti ni mara ngapi amerusha. Hakuna mwenye filimbi wala kamera. Kijana amerusha mara nne, na mara ya kwanza kisahani kilipotelea nyuma ya choo cha shule ambako hakuna aliyemwona. Akisema "tatu," wenzake wataandika tatu. Akisema "nne," wataandika nne. Hapo ndipo mtu anapojijua. Aliyezoea kuiba hesabu ya kisahani mbele ya rafiki zake, kesho atapewa fedha za kikoba au ufunguo wa duka la watu, na mkono wake utakuwa umeshafundishwa. Na aliyezoea kusema nne iliyo nne, huyo mtaa utamwamini kabla hajatafuta wa kumdhamini.

Kwenye chandimu mtihani huo huja kila dakika. Goli ni mawe mawili, mwamba hakuna, mpira umepita juu, na kila upande una mashahidi wake. Fanyeni hivi: aliyekuwa karibu zaidi aulizwe, hata kama ni wa timu pinzani, na akisema likubalike. Ukiushika mpira kwa mkono, inua mkono wako mwenyewe. Ukimchezea mwenzako rafu, mwinue, umwambie "samahani," usubiri mpaka asimame sawasawa. Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyefungwa akaenda kumpa mkono aliyemfunga hajapungukiwa na kitu, na pale amewafundisha watoto waliokaa juu ya mizizi ya mwembe wakitazama.

Ya sita ni miti na mali ya shule. Mwembe ule ni kivuli cha watoto mchana wa jua, na huenda chini yake kuna darasa linalokaa kwa kukosa chumba. Msiupigilie misumari kutundika lengo, msiuchonge majina, msivunje tawi linalowaziba. Fungeni kitambaa kwa kamba, mkimaliza mfungue. Kisahani kikikaa juu ya bati, msipande. Bati likitoboka, masika watoto ndio watakaolowa. Mwambieni mlinzi, na ikibidi kisubiri hadi asubuhi. Kikiruka ukuta kikaangukia kwa jirani, pigeni hodi mlangoni, mngoje mkaribishwe. Asiingie mtu kwenye ua wa watu kisa amekiona. Na wakati wa masika, uwanja ukiwa tope, pumzikeni. Mguu unaochimba tope leo huacha mashimo yanayokauka yakawa magumu, na atakayeteguka ni mtoto wa darasa la kwanza.

Kioo cha dirisha kikivunjika, au kopo la kupandia maua likipasuka, mkosaji asikimbie na wenzake wasimfiche. Nendeni pamoja kwa mwalimu kesho yake, mseme kilichotokea, mchangishane mlipe. Uwanja unaoweza kufungwa kwa sababu ya kioo kimoja hubaki wazi kwa sababu ya waliokuja kukilipia.

Ya saba ni wadogo na wasichana. Nimeona mara nyingi vijana wakubwa wakiwafukuza watoto wanaocheza rede ili wao wapange timu zao. Huo ni uonevu. Watoto wale ni wanafunzi wa shule ileile, nanyi ndio wageni wao. Gawaneni: upande huu rede na netiboli, upande ule chandimu, malengo ya visahani pembezoni kwenye miti. Msichana akitaka kurusha kisahani, apewe na afundishwe kwa heshima. Mchezo huo haumdai nguvu za kugongana mabega. Unamdai jicho na mkono uliotulia. Ndimi zenu pia zichungeni. Matusi ya uwanjani yanabebwa nyumbani na watoto wa miaka sita, wakayasema mbele ya bibi zao. Na kamari iacheni kabisa. Mchezo ukishawekewa dau, hata la soda, kila kosa dogo huwa deni, na deni huwa ngumi. Mbele ya madarasa ya watoto, jambo hilo halifai hata kidogo.

Ya nane ni kuondoka. Kabla hamjavaa ndala zenu, uzungukeni uwanja. Okoteni chupa za maji, vifuko vya barafu, maganda ya miwa, hata yale mliyoyakuta. Mawe ya goli yatoeni katikati, maana asubuhi kutakuwa na watoto wanaokimbilia mstarini bila kutazama chini. Tairi zirudishwe zilipotoka. Kisha mmoja wenu aende kwa mlinzi aseme, "Mzee, tumemaliza, usiku mwema." Mlinzi anayeagwa hivyo kila jioni ndiye atakayewatetea siku mtaa utakapolalamika.

Nina neno pia kwa walimu na wazazi wenzangu. Msiwafungie geti wote kwa kosa la wachache. Kijana mliyemnyima uwanja hatakwenda kulala. Atakwenda kijiweni, na huko hatafundishwa ninayoyasema hapa. Mpeni saa zake, mpeni masharti yake yameandikwa, na mtu mzima mmoja apite jioni kuwatazama. Shule iliyo na vijana wa mtaa wanaoipenda hupata walinzi isiowalipa na mikono ya kuitengeneza siku ya usafi.

Nanyi wadogo zangu, msingoje mtu awaandalie haya. Wiki hii chagueni msimamizi, andikeni saa zenu za kucheza kwenye karatasi moja, na majina ya watakaowajibika kitu kikiharibika. Ipelekeni karatasi hiyo kwa mwalimu mkuu kabla hamjarusha kisahani wala kupiga mpira. Akiona mmekuja na wajibu wenu mkononi kabla ya ombi lenu, mtakuwa mmempa sababu ya kuwakubalia, na siku zote mtakazocheza pale ziwe za kuonyesha kwamba hakukosea.