Nasibu Ndani ya Fuvu

Mvua inapoanza kudondoka juu ya bati, isikilize kabla haijakolea. Tone moja. Kimya. Mawili kwa pamoja. Kimya tena, kirefu kuliko ulivyotarajia, kisha matatu yakifukuzana. Hakuna awezaye kusema tone lijalo litagonga lini.

Mdundo wa namna hiyo ndio waliokutana nao Paul Fatt na Bernard Katz katika University College London, wakauandika mwaka 1950. Katz alikuwa mzaliwa wa Leipzig aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1935. Walikuwa wakichunguza mahali neva ya chura inapokutana na msuli. Neva imetulia, hakuna aliyeigusa. Hata hivyo elektrodi ilionyesha vijishtuko vya umeme, kila kimoja kama nusu milivolti, vikija bila ratiba yoyote. Mtu angedhani mashine ina hitilafu. Kumbe ncha ya neva ilikuwa ikiachia kemikali yake pakiti kwa pakiti, yenyewe tu, pasipo kuamriwa.

Jambo hilo linanigusa kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba akili ni utaratibu na nasibu ni adui yake. Tunamwambia mtoto atulie ndipo afikiri. Ndani ya ubongo hakuna utulivu huo. Niuroni moja ya gamba la ubongo hupokea maelfu ya sinapsi, yaani maungio yake na seli nyingine. Nyingine zinaichochea, nyingine zinaizuia, na pande hizo mbili zinapokaribia kutoshana nguvu, volti ya seli huelea chini kidogo ya kizingiti, ikipanda na kushuka kama ngalawa iliyotia nanga. Ikikivuka kizingiti, seli inafyatua msukumo wa umeme. Hapo kinachoamua si wastani wa yote yanayoingia, bali mtikisiko wake. Seli iliyolala mbali na kizingiti haiamshwi na ishara ndogo kutoka jichoni. Iliyokwisha kutikiswa hadi ukingoni, ishara hiyohiyo inaitosha. Kwangu mimi, nasibu hii ndiyo inayoiweka seli macho. Kuiita uchafu wa mawasiliano ni kuionea.

Lakini iko wapi hasa? Mwaka 1995, Zachary Mainen na Terrence Sejnowski walichukua vipande vya gamba la ubongo wa panya, wakaipa seli mkondo wa umeme usiobadilika, mara nyingi mfululizo. Mifyatuo ya kwanza ilifanana, kisha ikaanza kuachana, kila jaribio na wakati wake. Wakaipa tena mkondo unaoyumbayumba, wenye sura ya ile mvua ya sinapsi, wakiurudia uleule kila mara. Safari hii seli ilifyatua katika nyakati zilezile, kwa tofauti isiyofika milisekunde moja. Yaani seli si mbahatishaji. Ukiipa kitu kisicho na sura inapotea. Ukiipa mtikisiko wenye sura inaufuata kwa uaminifu wa kushangaza.

Basi sehemu ya nasibu imo kweli kwenye sinapsi, ambayo hupokea msukumo na mara nyingi isiachie chochote. Sehemu nyingine ni ujinga wetu sisi tunaotazama. Simama Kariakoo asubuhi: kwa mpita njia ni makelele matupu, kwa aliyekuja kununua vitenge ni bei. Mengi tunayoyaita kelele katika niuroni moja ni maneno ya seli nyingine ambazo hatujaziwekea elektrodi.

Wapo wanaotaka kuuegemeza uhuru wa mwanadamu hapa: ikiwa ubongo una nasibu, basi hatukuandikiwa kila kitu. Siafikiani nao. Uamuzi unaotokana na pakiti iliyopasuka kwa bahati si wangu zaidi ya ule niliolazimishwa. Mwenye kuutafuta uhuru na autafute katika namna seli nyingi zinavyopima kwa pamoja yale yanayoziangukia. Matone yenyewe hayana la kumjibu.

Nayo hayakatiki kirahisi. Samaki bunju ana sumu inayozima misukumo ya neva. Wanasayansi huimwaga sumu hiyo juu ya kipande cha ubongo, misukumo inanyamaza, na bado elektrodi inaonyesha vile vijishtuko vidogo: kimoja, kimya, viwili kwa pamoja.