Nia Njema Haitoshi

Mwaka 2004, nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Mengine yalitoka mashambani mwao, mengine sokoni. Je, aliyeyauza ana hatia? Aliyechanganya mabovu na mazuri kwa kujua hana udhuru. Lakini sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Hata mama mwema aweza kumlisha mwanawe mauti. Basi twasema: nia njema haitoshi. Mkulima ayakaushe vema, mfanyabiashara akubali yapimwe, na serikali ipeleke vipimo hata katika soko la kijijini. Awezaye kupima asipopima, asiseme kesho, "Sikujua."