Tunamshtaki Yule Tunayemmudu

Juba ni mji wa sare. Tembea asubuhi hapa Buluk, yaliko makao makuu ya polisi ya taifa, utapishana na polisi wanaoingia kazini, wanajeshi wanaosubiri gari, askari wa trafiki aliyekwisha kuchoka kabla ya saa tatu, na walinzi wa kampuni binafsi, kila geti na wake, kila kampuni na rangi yake. Mgeni anaona nguo tu. Sisi wakaaji tumeshajifunza kuangalia mkononi: huyu ana bunduki, yule ana kirungu, yule mwingine ana daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe.

Jioni, kwenye viti vya plastiki vya mama chai, sare hizo ndizo mazungumzo. Kila mtu ana kisa chake cha kufokewa, kusukumwa, kuambiwa "wewe nani?" Nimevisikiliza visa hivyo kwa muda mrefu, na nimegundua kwamba mwisho wake unategemea nani alifoka. Kisa cha mlinzi wa getini huisha hivi: "Nikampigia bosi wake." Kisa cha mwenye bunduki huisha hivi: "Nikamwambia asante, nikaondoka." Matusi yenyewe ni yaleyale, na mara nyingi ya mwenye bunduki ni mabaya zaidi, maana yeye anaweza kukuchukulia simu kwa madai kwamba umepiga picha, na katika mji huu kupiga picha barabarani bila kibali ni jambo linaloweza kukuharibia siku nzima.

Basi tukiulizana kama ni vyema kumripoti mfanyakazi mfidhuli kwa mwajiri wake, tusijifanye kwamba tunapima kosa. Tunampima mkosaji. Tukiona ni mwepisi, tunampandisha kwenye mizani. Tukiona ni mzito, tunajikumbusha habari za subira.

Mlinzi wa kampuni ni mwepisi kweli. Jina lake limeshonwa kifuani. Namba ya ofisi yao imeandikwa kwenye kibao getini kwa herufi kubwa. Anayelipa mkataba ni benki au shirika, na hakuna meneja atakayehatarisha mkataba wa mwaka mzima kwa ajili ya kijana mmoja wa zamu ya mchana. Wanaoitafuta kazi hiyo wako nje ya geti hilohilo, wameshika bahasha zenye vyeti. Simu moja ya dakika mbili inatosha mtu kumwaga unga.

Niliwahi kuipiga simu hiyo, na nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu hapo ndipo nilipoona jambo lenyewe kwa karibu.

Kuna ofisi moja huku Buluk ninakopeleka karatasi na wino wa mashine, kisha napeleka miguu yangu mara nyingi zaidi kufuatilia malipo. Nje ya ukuta wake kuna mama anauza chai. Ana jiko la mkaa, birika mbili, na glasi ndogo ndogo zilizopangwa juu ya kimeza kifupi. Alikulia Kakuma, kwa hiyo Kiswahili anakimwaga kama mtu wa Lodwar. Siku hiyo mlinzi mgeni alikuwa ameingia zamu. Akamwambia yule mama aondoe takataka zake, na kabla mama hajainuka akakisukuma kimeza kwa ncha ya buti. Glasi zikalala zote, moja ikapasuka. Mimi nami alikuwa ameshaniamuru nikasubiri upande wa juani, ingawa kivuli kilikuwepo na hakuna aliyekikalia. Katikati ya hayo ikaja Land Cruiser nyeupe. Kijana akabadilika mwili mzima: mgongo ukanyooka, saluti ikapigwa, meno yote yakaonekana, geti likafunguka bila daftari wala kalamu.

Nikamwambia, "Kaka, mimi nitasubiri tu. Lakini huyu ni mama yako."

Akanijibu, "Hapa sina mama. Niko kazini."

Jirani yangu, mwalimu, niliyemsimulia kisa hiki jioni, alimtetea kijana. Mwalimu mwenyewe ni mtumishi wa serikali na anajua anachosema. Tangu bomba la mafuta linalopita Sudan lilipopasuka mwezi wa Februari 2024, nchi inayotegemea mafuta kwa karibu mapato yake yote ilikosa pumzi, pauni ikaporomoka, na watumishi wa umma, polisi na wanajeshi wakiwemo, walikaa miezi na miezi bila mshahara. Mlinzi anayelipwa kwa pauni anaupokea mshahara wake, ndiyo, lakini hadi aufikishe nyumbani umeshapungua thamani. Anasimama kwa saa kumi na mbili. "Ukimripoti mtu wa namna hiyo," akasema mwalimu, "unaripoti njaa."

Nilimsikiliza kwa heshima, na bado nadhani amekosea. Njaa inaeleza mengi. Inaeleza uvivu, usingizi wa saa nane mchana, hata kule kuombaomba soda getini. Lakini njaa haina macho ya kuchagua magari. Kijana huyuhuyu mwenye njaa alikuwa na adabu ya kutosha kwa mwenye Land Cruiser, akaishiwa nayo alipofika kwa mwenye birika. Anayekosa adabu kwa wote amechoka. Anayejua nani wa kumpigia saluti na nani wa kumpigia teke ameshafanya hesabu zake, tena kwa akili timamu. Huo ufidhuli wenye macho ndio ninaoona unastahili kushtakiwa. Kule kuniweka mimi juani ni kero ndogo, na dawa yake ilikuwa kumwambia yeye mwenyewe uso kwa uso, kama nilivyofanya.

Historia ya watu wetu ina ushahidi juu ya hili. Mwaka 1966 Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Erasto Mang'enya, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi na viongozi wanaotumia vibaya madaraka. Jambo ninalolipenda katika tume ile ni kwamba haikukaa Dar es Salaam kungoja barua. Wajumbe walikwenda wilayani, wakakaa, wakasikiliza, na mtu asiyejua kusoma aliweza kusema kwa mdomo. Kisha mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa chama tawala, TANU, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, majivuno na dharau kwa anaowaongoza. Vyama vingi hukemea wizi. Hiki kilichokemea dharau kwa maandishi kilijua kinazungumza na watu gani.

Wafanyakazi wakakichukua kifungu hicho na kuingia nacho viwandani. Migomo ya miaka ile, ambayo Issa Shivji ameiandika kwa kirefu, haikuwa ya mishahara peke yake. Watu waliacha mashine kwa sababu meneja anatukana, anawaita kwa kidole, anawafanya kama si watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel pale Dar es Salaam walifika hatua ya kukishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Mambo hayakwisha vizuri kwa kila mtu. Serikali ilichoshwa na migomo, na wapo waliopoteza kazi. Lakini tazama mashtaka yao yalivyoelekea: yalipanda juu. Aliyetukanwa ni wa chini, aliyeshtakiwa ni wa juu. Sisi hapa getini tumeyageuza, tunashtaki kuelekea bondeni, kwenye mteremko.

Kwa upande wa juu, mlango upo, angalau kwenye karatasi. Katiba ya mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inalitaja baraza la kushughulikia malalamiko ya umma. Kenya nao wana sheria ya mwaka huohuo, 2011, iliyounda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, na wenye kufuatilia habari wanajua jinsi kesi zake zinavyokwenda kwa kujikongoja. Afadhali ikongoje kuliko isiwepo. Hapa Juba, hata hivyo, mtu akionewa na polisi haulizi ofisi. Anauliza, "Yule ni wa wapi? Mjomba wake nani?" Rafiki yangu mmoja alinyang'anywa pikipiki na askari mlevi. Hakuandika barua yoyote. Alimtafuta mzee wa ukoo wa yule askari, wakakaa chini ya mwembe, mzee akamwita kijana wake, na kabla ya magharibi pikipiki imerudi na mafuta yameongezwa. Ni mahakama nzuri sana, kama una mjomba. Sisi tuliokuja kutoka Mombasa, Arua, Goma au Mwanza kutafuta riziki hatuna mjomba Buluk. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Sudan Kusini mwaka 2016, lakini haikutugawia wajomba. Ndiyo maana hasira zetu zote zinaishia kwa mlinzi mwenye kibao cha simu.

Sasa, nilimpigia nani?

Kwanza nilimuuliza mama chai, maana glasi ilikuwa yake na tusi lilikuwa lake. Hili watu hulisahau. Tunashtaki kwa niaba ya mnyonge bila kumuuliza, kisha sisi tunaondoka na gari, yeye anabaki pale pale ukutani na ndugu za aliyefukuzwa. Alikuwa anaokota vipande vya kioo na kuvitia kwenye kopo la maziwa. Akafikiri kidogo.

"Asifukuzwe," akasema. "Ana watoto huyo, au atakuwa nao. Alipe glasi. Na aniite mama."

Nikapiga. Msimamizi akapokea haraka kuliko nilivyotarajia, mtu mwenye sauti ya adabu. Nilieleza geti, saa, kimeza, buti. Sikueleza kabila, sikueleza sura, wala sikusema "hawa watu wenu." Swali lake la kwanza, kabla hata hajauliza upande wa pili unasemaje, lilikuwa: "Tumtoe leo?"

Kwa sauti ileile ambayo mtu wa dukani anakuuliza kama akubadilishie balbu. Nikamwambia hapana, nikamtajia yale mawili aliyoyataka mama. Upande wa pili ukanyamaza.

"Hiyo hatuna fomu yake," akasema mwishowe. "Sisi tuna onyo la maandishi, na tuna kufukuza."

Simlaumu sana, mteja ndiye aliyemzoesha. Wengi wanaopiga simu hizo wanataka kichwa, na wanakipata kwa wepesi mno, ndiyo sababu walinzi wenyewe hawajifunzi adabu. Wanajifunza kutambua nani ana simu ya bosi na nani hana. Kijana akifukuzwa Buluk leo, kesho kutwa yuko geti jingine huko Thongpiny na sare ya rangi nyingine, na hesabu zake zilezile kichwani, isipokuwa sasa anatazama zaidi kabla ya kupiga teke.

Tulibishana kidogo, kwa heshima. Nikamwambia aje mwenyewe, asimame na kijana mbele ya yule mama, hapahapa barabarani, si ofisini. Alikuja baada ya siku chache. Sikuwepo. Mama chai ndiye aliyenisimulia, akicheka mpaka akafunika mdomo kwa kanga. Glasi ililipwa, ila kampuni ilikuwa imeikata kwenye mshahara wa kijana kwa bei ya glasi tatu mpya, sijui hesabu hiyo aliipiga nani. Mama akachukua ya glasi moja. Iliyobaki akaiandika kwenye daftari lake, kwamba mlinzi ana chai za kunywa mpaka pesa yake iishe, na kijana anakuja kila siku saa nne kuzinywa. Anamwita mama, sasa, tena kwa sauti kubwa, hasa msimamizi akipita.

Mimi bado ananisimamisha juani.