Mchezo wa Ridhaa



Mpwa akija na shikamoo ndefu kuliko kawaida, mjomba ajue kuna jambo. Wangu alinijia hivyo jioni moja nyumbani, mtaa wa Al-Sulimaniyah hapa Jeddah, na kabla kahawa haijamiminwa alikwisha sema: "Mjomba, nataka uniundie injini ya mashindano, na nina riyali 5,000 tu."

Kijana huyu ana miaka ishirini na sita. Siku za kazi yuko ofisini. Siku za mapumziko hushindana mbio za magari na vijana wenzake. Hakuna anayemlipa. Petroli, matairi na ada ya kuingia vyote vyatoka mfukoni mwake. Tangu Desemba 2021, magari ya Formula 1 yalipoanza kukimbia hapa Jeddah, ugonjwa huo umewaingia vijana wengi. Na hata huko kwa matajiri bajeti ipo: mwaka huohuo wa 2021 kila timu iliwekewa kikomo cha dola milioni 145. Mpwa wangu naye alikuwa na kikomo chake, ila chake kiliwekwa na mshahara.

Urahisi wenyewe si aibu. Sisi wa Afrika Mashariki twaikumbuka Safari Rally ya 1965, alipoishinda Joginder Singh wa Kenya, mtu aliyekuwa fundi wa magari, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Basi nilikubali. Tukaenda tashleh, kama yaitwavyo hapa makaburi ya magari, tukarudi na injini ya Toyota aina ya 4A-GE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,587.

Kuunda injini ya mashindano kwa fedha kidogo ni kazi ya kuamua wapi utoe na wapi ubane. Tulinunua ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya na pampu mpya ya oili, kwa sababu injini ikikosa oili hata kwa muda mfupi imekwisha. Pistoni za zamani tulizisafisha tukazirudisha. Krenki tuliipima, tukaiona ingali ndani ya kipimo, tukaiacha. Valvu tulizisaga wenyewe kwa mkono, jioni tatu mfululizo, mpwa wangu akiimba na mimi nikilalamika mgongo. Bomba la moshi lilikuwa la mtumba. Rangi hatukupaka kabisa. Katika hayo yote sina majuto.

Zikabaki bolti nane.

Kila konrodi, yaani ule mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, hufungwa kwa bolti mbili. Seti mpya ya zile imara iliuzwa riyali 600, nasi tulibakiwa na 400. Nikazichukua za zamani, nikazipima urefu na unene, nikaona hazikuvutika. Mpwa wangu akauliza, "Vipi hizo, mjomba?" Nikamjibu, "Ziko sawa." Tukazifunga.

Sasa nikueleze, msomaji, kwa nini neno hilo lilininyima usingizi. Injini ile ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, pistoni hupanda, husimama na kugeuka mara 125 kila sekunde. Tuseme pistoni, pini yake na kichwa cha konrodi vina uzito wa nusu kilo. Pale juu kabisa, inapogeuka kurudi chini, nusu kilo hiyo huvuta kwa nguvu kama ya mzigo wa tani moja na nusu. Katika mzunguko wa kutoa moshi hakuna gesi ya kuikinga, na mzigo wote huzielemea bolti mbili. Na nguvu hiyo haipandi sawasawa na mwendo: ukitoka mizunguko 6,000 kwenda 7,500, mwendo umezidi kwa robo, lakini mvuto umezidi kwa zaidi ya nusu.

Tena chuma huchoka. Mwaka 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya treni ilikatika na watu zaidi ya hamsini wakafa. Ajali za namna hiyo ndizo zilizowafundisha wahandisi kwamba chuma kinachovutwa na kuachiwa mara nyingi hupata ufa mdogo, na ufa hukua kimya hata siku ya kukatika. Bolti yaweza kuwa na urefu sahihi na unene sahihi, na ufa umo. Hayo niliyasoma chuoni Uingereza miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Jawabu la kweli, basi, lilikuwa "Sijui." Mimi nilisema "Ziko sawa."

Mtu ataniambia: kijana ni mtu mzima, anajua mbio za magari zina hatari, na amekubali. Hoja hii ina nguvu, na lugha yetu yenyewe yaelekea kuiunga mkono, maana mchezo usio wa malipo twauita mchezo wa ridhaa. Lakini tulitazame neno hilo. Ridhaa ndilo neno tunalolitumia katika ndoa na katika mikataba, na kotekote huko twajua kwamba ridhaa ya mtu aliyefichwa jambo si ridhaa. Ukimuuzia mtu nyumba ukamficha ufa wa ukuta, hawezi kuambiwa kuwa aliuridhia ufa. Mpwa wangu aliiridhia hatari ya mbio. Hatari ya bolti zile hakuiridhia, kwa kuwa mimi, niliyekuwa na elimu ya kumweleza, nilimfungia mlango kwa maneno mawili.

Joginder Singh alikuwa fundi na dereva kwa pamoja. Mkono uliojua spana ndio uliokuwa juu ya usukani. Mimi nilikaza nati, akaketi mwingine.

Wala si yeye peke yake. Konrodi ikikatika kwa mwendo ule hutoboa bloki, na oili yote humwagika chini, mbele ya matairi ya dereva anayefuata. Kwenye kona husimama mtu wa kujitolea ameshika bendera. Hao wawili hawakuulizwa lolote, wala majina yao sikuyajua. Riyali 200 tulizokosa sisi zingelipwa na wao. Hapo ndipo niliponadhifisha kanuni ambayo ningepaswa kuwa nayo tangu mwanzo: bana pale ambapo hasara ikitokea itakurudia wewe uliyebana. Ringi ikichoka, utatoa moshi na kushindwa, na wenzako watakucheka. Bolti ikikatika, anayelipa aweza kuwa mwingine.

Karibu na kwangu kipo kituo cha treni ya Haramain. Treni zile huenda hadi kilomita 300 kwa saa baina ya Makka na Madina. Siku mbili kabla ya mashindano nilipita hapo nikaona wazee wanashuka na mabegi yao, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mtu anayekagua ekseli. Wanapanda kwa kumwamini wasiyemjua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Na muundaji mwenyewe haonekani. Kwa kuwa haonekani, neno lake ndilo kila kitu.

Usiku ule nilimpigia mpwa wangu simu. "Mwanangu, zile bolti nilikwambia ziko sawa. Ukweli ni kwamba sijui." Alinyamaza. Kisha akasema alikwisha lipa ada, na alikwisha waalika marafiki. Nikamwambia gari ni lake, na sasa anajua ninalolijua mimi, lakini afikirie na wale watakaokuwa nyuma yake. Hakuniaga vizuri. Hakushiriki.

Wiki iliyofuata tuliifungua injini. Nilizipeleka bolti kwa fundi mwenye kifaa cha sumaku na unga wa chuma, ambao hukusanyika penye ufa. Zote nane hazikuwa na ufa.

Mpwa wangu alinitazama kwa hasira ya haki. "Basi mjomba, ulisema kweli! Zilikuwa sawa."

Nilimjibu, "Nilibahatisha kweli. Aliyesema ziko sawa bila kujua, hata zikiwa sawa, alikudanganya juu ya anachokijua."

Sina hakika kama alilikubali neno hilo siku ile. Alikuwa amepoteza ada na siku yake, na bolti zilikuwa nzima; kwa hesabu ya riyali mimi ndiye niliyemtia hasara. Ada nilitaka kumrudishia, akakataa. Alingoja mshahara, akanunua seti mpya, maana unga wa chuma huonyesha ufa uliopo, hausemi uchovu uliobaki ni kiasi gani.

Tulipoifunga tena injini nilimwandikia karatasi moja: vipya ni hivi, vya zamani ni hivi, nilivyovipima ni hivi, nisivyovijua ni hivi. Chini nikaandika asizidishe mizunguko 7,500, na sababu yake. Akaisoma yote akiwa amesimama, akauliza maswali mawili juu ya pistoni, nikamjibu moja, na la pili nikamwambia sijui. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Nimeridhia," akasema, akaniomba nimshikie taa.