Ngazi Ni ya Nani?



Hapa Buhongwa wengi wetu tumekuwa wenye nyumba. Mahali palipokuwa mashamba sasa pana nyumba za kupangisha, na nyingine zimepanda hata juu ya mawe ya vilima. Mimi nami ni mmoja wa wenye nyumba hao. Nilipostaafu ualimu nilitumia kiinua mgongo changu kujenga nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba sita. Ngazi ya saruji inapanda kwa nje, ubavuni mwa nyumba. Fedha zilikwisha kabla sijaweka chuma cha kujishikia, nikasema nitaweka baadaye. Hiyo baadaye ilichukua miaka minne.

Msimu mmoja wa mvua, mama mmoja anayekaa juu aliteleza akiwa na ndoo ya maji, akaanguka hadi uani na kuvunjika mguu. Yeye huuza dagaa sokoni, na kwa miezi mitatu hakuweza kwenda kwenye meza yake. Nilikwenda kumpa pole nikiwa na kilo mbili za sukari. Katika mazungumzo nilimwambia, kwa upole kama nilivyodhani, kwamba ngazi ile aliijua tangu siku ya kuhamia. Akanijibu bila hasira: "Mwalimu, mimi nimepanga chumba. Ile ngazi ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na sukari ile naiona kama aibu.

Yafaa basi tujiulize: mwenye nyumba ambaye hakumsukuma mtu ana kosa gani mtu huyo akianguka? Tunazo hoja tatu za kujitetea, na mimi nilizitumia zote moyoni mwangu.

Ya kwanza ni hii: "Sikumsukuma." Ni kweli. Lakini nilipokuwa nasomea ualimu chuoni, tulifundishwa kazi ya mwalimu wa zamu. Mtoto akiumia uwanjani, mwalimu wa zamu ndiye anayeulizwa kwanza, ingawa hakumgusa. Anaulizwa kwa sababu alipewa dhamana. Mwenye nyumba yuko zamu siku zote. Mpangaji hutunza chumba chake, lakini ngazi, ukumbi, paa na ukuta si vya mpangaji yeyote. Mwenyewe asipovitunza, hakuna atakayevitunza. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inatambua kwamba mtu aweza kuua bila kukusudia kwa kuacha tu, kwa uzembe mkubwa, kutimiza wajibu wake.

Ya pili: "Aliiona hatari, akaingia kwa hiari yake." Hiari gani? Mtu mwenye kipato kidogo huchagua chumba kwa kodi anayoimudu. Haanzi kuchagua ngazi. Naye aliyeiona hatari hakuwa na ruhusa ya kuiondoa, kwa maana nyumba si yake. Uingereza waliwahi kuliamua jambo hili vibaya. Katika kesi ya Cavalier na Pope ya mwaka 1906, mwenye nyumba alikuwa amemwahidi mpangaji kutengeneza nyumba mbovu, asitengeneze. Mke wa mpangaji akaumia. Majaji wakuu walisema mke hana haki ya kumdai mwenye nyumba, kwa kuwa mapatano yalikuwa na mume wake. Ilibidi zije sheria za mwaka 1957 na 1972 kuirekebisha hali hiyo. Lakini hata asiyesoma sheria aliweza kuona kasoro yake: sakafu iliyooza haiulizi nani aliyetia sahihi.

Ya tatu ndiyo inayotuponza sisi watu wa kanisani: "Ni mapenzi ya Mungu." Tunakumbuka mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Bwana alisema kwamba waliokufa hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Maneno hayo huondoa lawama kwa waliofukiwa; hayampi mjenzi ruhusa ya kulala usingizi. Na Torati iko wazi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ajengaye nyumba anaagizwa aweke ukingo kwenye dari yake, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Katika Kutoka sura ya 21, mwenye ng'ombe mkali huhukumiwa vingine kabisa ikiwa alikwisha kuonywa, asimfunge.

Neno "kuonywa" ndilo lenye uzito. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha Nairobi, jengo la wapangaji liliporomoka mtaani Huruma na kuua watu wapatao 50. Mvua ilikuwa ya Mungu, lakini jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa la kubomolewa, na watu wakaendelea kulala humo wakilipa kodi. Hapo hatuwezi kusema hapakuwa na aliyejua.

Simaanishi kwamba kila jeraha ni juu ya mwenye nyumba. Mlevi akiruka toka barazani, au mpangaji akiuza taa ya ngazini kisha akajikwaa gizani, kila mmoja atabeba mzigo wake. Wala sisahau kwamba wenye nyumba wengi si matajiri. Ni wajane na wastaafu, na kodi ndiyo ugali wao. Kipimo chaweza kuwa maswali matatu: Je, nilijua, au nilipaswa kujua? Je, niliweza kutengeneza? Je, kulikuwa na mtu mwingine mwenye uwezo huo? Kwangu mimi majibu yalinihukumu. Wapangaji waliniambia mara mbili. Na chuma chote, pamoja na fundi, kiligharimu pungufu ya kodi ya miezi miwili ya chumba kimoja.

Nilimlipia mama yule hospitali, na kodi ya miezi ile mitatu sikuipokea. Watu wakanisifu kwa ukarimu. Ndugu zangu, haukuwa ukarimu. Lilikuwa deni, tena nililipa kwa kuchelewa, na mguu wake bado humuuma siku za baridi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye nyumba: kabla hamjapokea kodi ya mwezi ujao, pandeni ngazi zenu usiku, bila taa, mkiwa na ndoo ya maji mkononi. Mkifika juu salama, pokeeni kodi kwa amani.