Chama Chatuzika Vizuri, Duka Je?

Chama chetu hukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, katika sebule ya yeyote ambaye zamu imemfikia pale Umoja, Nairobi. Mweka hazina huja na daftari la jalada gumu analolifunga kwa mpira ili karatasi zisidondoke. Juzi niliomba nibaki nalo usiku mmoja, nikalisoma tangu ukurasa wa kwanza, mwaka 2014. Mazishi ya baba mkwe. Jeneza. Basi la Siaya. Mazishi ya shangazi. Basi la Machakos. Chakula cha matanga. Mazishi tena. Tuko wanachama 18, na katika miaka yote hiyo hakuna mwenzetu hata mmoja ambaye mtu wake alikwama mochari kwa kukosa pesa. Naliona hilo kuwa jambo la heshima kubwa, nami sitamruhusu mtu aliyesoma vitabu vya uchumi anidharaulie chama.

Lakini kuna mstari mmoja, Julai 2018, ambao kila nikiufikia nauma midomo. Ni jina la binamu yangu, likifuatwa na neno moja, "moto", na Sh18,000.

Alfajiri ya tarehe 28 Juni mwaka huo soko la Gikomba liliwaka. Watu 15 walikufa. Makumi wengine walijeruhiwa, kwa kuwa kando ya vibanda vile kulikuwa na nyumba za watu waliolala. Binamu yangu alikuwa Kayole nyumbani kwake, ndiyo sababu yu hai. Alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba, na jioni iliyotangulia alikuwa amefungua robota jipya, akatenga zile kamera, yaani nguo bora za robota, upande mmoja ili wateja wake wa asubuhi wazikute zimetundikwa. Nilifika naye pale kabla ya saa nne. Kibanda chake kilikuwa cha mbao na mabati. Mbao hazikuwepo tena, na mabati yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Katikati ya majivu tulikuta zipu, vifungo vya chuma, na kufuli lake. Mlango ulikuwa umekwisha, lakini kufuli lilikuwa bado limefungwa, limeshika zile pete zake mbili. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo, akautazama, akaurudisha.

Kwa nini chama kilichoweza kukodi basi hadi Siaya kilimpa Sh18,000 tu, pesa ambazo hazikumtoshea hata marobota mawili? Si kwamba hatukumpenda. Wanne kati yetu walikuwa na biashara Gikomba. Vibanda vya wawili viliungua siku ileile, na mwingine ni mama aliyekuwa akiwauzia chakula hao walioungua. Baadhi ya wale ambao wangechanga ndio waliokuwa wamekaa kwenye majivu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa wakala yeyote wa bima. Chama ni bima, tena bima nzuri, maadamu msiba unakuja kwa mmojammoja. Leo wewe, mwakani mimi. Lakini kuna misiba isiyopiga hodi mlango mmoja. Moto wa soko ni wa namna hiyo. Mafuriko nayo, kama yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyobeba nyumba Mathare na kuingia Mukuru usiku watu wakiwa wamelala. Mtaa ukizama, chama cha mtaa kimezama. Kampuni ya bima huweza kulipa kwa sababu moja kubwa: pesa inazokusanya Gikomba imezichanganya na za Kisumu, Eldoret na Mombasa, na Kisumu haiungui siku ambayo Gikomba inaungua. Na kampuni yenyewe hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi. Serikali iliunda Kenya Re mwaka 1970 kwa kazi hiyohiyo. Bima ni chama cha watu wasiojuana, basi.

Cha kuumiza zaidi ni kwamba binamu yangu aliamini ana bima. Alikuwa na mkopo, na kila alipotazama karatasi ya mkopo aliona makato yaliyoandikwa "bima". Tulikwenda naye kwa waliomkopesha. Kijana wa dirishani alitueleza kwa adabu kwamba bima ile ni ya mkopo: mkopaji akifa au akilemaa, deni linalipwa. Nguo zake hazimo. Kibanda hakimo. Kwa lugha nyingine, miaka miwili alikuwa akimlipia mkopeshaji bima ya mkopeshaji. Hakuna aliyemdanganya, na karatasi ilisema hivyo wazi, lakini hakuna aliyemsomea. Ewe unayesoma hapa ukiwa na mkopo wa biashara, kaangalie makato hayo leo, ujue yanamlinda nani.

Najua pia kwa nini watu wa Eastlands hawana imani na bima, wala siwalaumu. Shirika la serikali, Kenya National Assurance, lilianguka mwaka 1996. United Insurance, iliyokatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Invesco, nayo ya matatu, ikafilisika mwaka 2024. Kampuni ikianguka, aliyejeruhiwa kwenye ajali humgeukia mwenye gari, na mwenye gari ndiye mtu wa Dandora ambaye ile matatu ndiyo mali yake yote. Watoto waliokulia katika nyumba kama hizo hawawezi kusikia neno bima wakatabasamu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza leseni. Mamlaka ya Kudhibiti Bima hutoa kila mwaka orodha ya kampuni na mawakala walioruhusiwa kufanya kazi. Wakala ambaye jina lake halimo, mpe chai na umsindikize mlangoni.

Kisha usianze na kile ambacho wakala anauza. Jiulize ni hasara gani ikikupata chama hakitaweza kukuinua. Nimewauliza wengi swali hili, na jibu hutoka upesi: hospitali. Ni ugonjwa unaouza ploti za watu wetu kule Joska na Kamulu kabla hazijajengwa. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya serikali ilipotoka NHIF ikawa SHA, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mtu wa jua kali hupimwa kwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, akatakiwa alipe ya mwaka mzima. Haipungui Sh300 kwa mwezi. Nimeyasikia malalamiko yote kuhusu SHA, na mengine nimeyapitia mimi mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye foleni. Bado nasema lipa. Lipa kabla ya kununua kadi yoyote ya hospitali, mwandikishe mwenzi wako, waandikishe watoto, hakikisha majina yao yamo. Mtu anayengoja mfumo utengenezwe kwanza huenda akaugua kabla haujatengenezwa.

La pili ni uhai wa yule anayeleta unga. Hapa nina ugomvi kidogo na jinsi tunavyouziwa. Wakala akibisha Buruburu au Donholm, karibu kila mara amebeba bima ya elimu, kwa kuwa mzazi hawezi kukataa jambo lililotajwa pamoja na jina la mtoto. Bima hiyo ni akiba iliyofungwa pamoja na bima. Ukiiacha njiani katika miaka ya kwanza, unarudishiwa kidogo sana, na pengine hurudishiwi chochote. Nani kati yetu ana kipato kisichoyumba miaka kumi mfululizo? Kwa fundi wa Kamukunji, ambaye mwezi huu anauza masanduku ya shule na mwezi ujao hauzi, naona afadhali bima ya maisha iliyo tupu, isiyo na akiba ndani, ambayo kwa pesa kidogo itawaachia watoto kiasi cha maana akifa. Akiba aiweke kando, mahali atakapoweza kuifikia.

Kuhusu nyumba nitasema mawili, maana bima yake hatuizungumzii hata kidogo. Wapangaji wengi huamini bima ya nyumba ni shauri la landilodi. Ya landilodi hulinda kuta zake. Kitanda, friji, televisheni, nguo na cherehani iliyo pembeni ni vyako, na ipo bima ya vyombo vya ndani ambayo mpangaji huweza kuinunua bila kumwomba mtu ruhusa. Nawe mwenye nyumba yako Buruburu, iliyojengwa kwa familia moja katika miaka ya sabini, ambayo sasa mbele ina duka la dawa na nyuma ina vyumba vinne vya kupangisha: je, kampuni inajua? Kama bima yako bado inasema ni makao ya familia moja, umeipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya moto.

Biashara ndiyo iliyonifanya niandike. Binamu yangu alisimama tena polepole, na sasa ana duka lenye kuta za saruji Kayole, karibu na steji. Safari hii tulikaa na mkataba mezani siku mbili, na mambo mawili yakanishtua.

La kwanza ni thamani. Alitaka kuandika kwamba mali yake ni ya Sh400,000 ili ada iwe ndogo, ilhali tukihesabu kweli inafika Sh800,000. Mtu hudhani ameokoa pesa. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema ukiweka bima ya nusu ya mali, wewe mwenyewe ndiwe bima ya nusu iliyobaki. Moto ukila nguo za Sh200,000 tu, hupati laki mbili, unapata laki moja, na hapo bado hawajaondoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mteja huibeba. Tulisoma kifungu kile mara tatu. Akafuta 400 akaandika 800.

La pili ni vurugu. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana, maduka mengi katikati ya jiji yalivunjwa na kuporwa. Bima ya kawaida ya moto na wizi haigusi hasara iliyotokana na machafuko ya kisiasa au ugaidi; hiyo huongezwa kando, kwa ada yake. Katika mji ambao tangu 2007 tumekuwa tukifunga milango kila uchaguzi unapokaribia, nyongeza hiyo si anasa. Uliza pia kuhusu mafuriko, na udai uonyeshwe neno lenyewe kwenye karatasi. Na ujue kwamba hapa Kenya sheria haikupi ulinzi kabla ya kulipa. "Nitakutumia mwisho wa mwezi" ni kulala bila bima hadi mwisho wa mwezi.

Ukweli ni kwamba kibanda cha mbao Gikomba bado ni vigumu kukatiwa bima. Kampuni hutaka leseni ya biashara, kuta, hesabu za mali, na ardhi isiyo na mgogoro, na soko lile limeungua mara nyingi mno. Hilo ni kosa la waliopewa kazi ya kulipanga soko, wala si la mwuzaji. Hata hivyo, tangu 2020 zipo kanuni za bima ndogondogo, na kampuni husikiza kwa makini zaidi zikijiwa na kundi kuliko zikijiwa na mtu mmoja. Kwa hiyo sisemi tuvunje chama twende kwa bima. Nasema chama kiende kwa bima kikiwa chama: watu 18, sahihi 18, tukijadiliana bei kwa sauti moja. Tunajua kukodi basi kwa pamoja. Hili litushinde kwa nini?

Mwezi uliopita nilitoa hoja hiyo, Mama Mwenyekiti akaniuliza tutaanzia wapi. Tukakubaliana kwamba kila kikao mwanachama mmoja alete mkataba wake wowote wa bima, wa gari, mkopo, hospitali au duka, usomwe kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata maandishi yale madogo ya nyuma, na anayejua Kiingereza cha mikataba atafsiri. Jumapili hiyo tulisoma wa bodaboda ya mwenzetu. Saa nzima ilipita. Tuligundua kwamba mkataba unamlipa mtu atakayegongwa, lakini mwenzetu mwenyewe akianguka haumlipi hata shilingi. Ameendesha pikipiki hiyo miaka minne. Siku ya tatu alikwenda kununua bima iliyobaki.

Binamu yangu naye, kila Jumamosi usiku kabla ya kufunga, hupiga picha rafu zote za duka na risiti za wiki, kisha hunitumia ili zisikae kwenye simu yake peke yake. Jumamosi iliyopita zilikuwa picha 11. Nimezihifadhi.